Kutoka Sanamu ya Askari Hadi Kaloleni: Jinsi ya Kuitembea Nairobi ya Wapagazi

Matembezi haya hayauzwi tiketi, wala hutakuta kibao cha kukuelekeza kushoto au kulia. Ni kama kilomita saba kwa miguu. Unaanzia kwenye sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, unashuka hadi Kariokor, unaingia Pumwani, unavuka Gikomba na mto, unatokea Shauri Moyo, unakula kwenye soko la Burma, unamalizia Kaloleni. Mitaa yote hii ina alama za vita viwili vikuu vya dunia, ingawa mapigano yenyewe yalikuwa mbali. Miji mingine iliyofanya kazi ya vita imepata majumba ya makumbusho. Sisi tulibaki na soko la viatu, soko la nyama na nyumba za chumba kimoja, na watu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu.

Mimi nilikulia Shauri Moyo, na kazi yangu ilikuwa kusoma mita za maji huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, mlango kwa mlango. Kwa hiyo mitaa hii naijua kwa nyuma kuliko kwa mbele: wapi kuna kichochoro kinachopitika, wapi mtaro hufurika, mama yupi ana mbwa asiyependa sare. Njia ninayokupa ni ile ninayowapitisha wajukuu na wageni wao.

Ombi langu moja ni usiigeuze njia. Wengi hupenda kuanzia mitaani na kumalizia mjini kwenye sanamu, wapige picha, waende wakanywe kahawa. Ukimalizia kwenye sanamu utarudi nyumbani ukidhani hesabu imefungwa. Anza nayo, uone inachokosa, ndipo ushuke Eastlands.

Kabla hujatoka

Chagua Jumamosi. Ijumaa adhuhuri njia za Majengo hujaa waumini. Kama unakwenda kusali, karibu sana, lakini si saa ya kusimama katikati ya watu ukishangaa kuta. Anza saa mbili asubuhi ili ufike Burma njaa ikiwa imekomaa. Vaa viatu vilivyofunikwa, maana Gikomba ina matope hata wakati wa kiangazi. Beba chupa ya maji na sarafu za choo cha kulipia. Dada zangu, leso au mtandio begani utakufaa Majengo. Hakuna atakayekulazimisha, ila salamu zitakuja haraka zaidi.

Simu iweke mfuko wa mbele. Itoe ukiwa umesimama mahali tulivu, si huku unatembea, na ndani ya Gikomba usiitoe kabisa. Usipige picha vituo vya polisi, na usimpige picha mtu kabla hujamsalimu. Njoo na mwenzako mmoja au wawili. Kundi kubwa lenye kofia za rangi moja halitaona kitu, kwa sababu mtaa mzima utaacha shughuli zake ulitazame. Ukitaka kijana wa mtaa akusindikize, patana naye bei kabla hamjaondoka, na umlipe hiyohiyo mliyopatana.

Kwenye sanamu

Sanamu ziko katikati ya Kenyatta Avenue. Vuka kwa taa, usivuke kwa ujasiri. Watu wa shaba ni watatu, kazi ya mchongaji Mwingereza aitwaye James Alexander Stevenson, na zilizinduliwa mwaka 1928. Wengi huziita tu sanamu ya askari, kana kwamba wote watatu ni wapiganaji. Tazama vizuri utamwona asiye na bunduki. Huyo ni mpagazi, mtu aliyelibebea jeshi mizigo, na leo tunatembea kwa ajili yake.

Chini kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yasome ya Kiswahili, tena kwa sauti, hata wapita njia wakikutazama. Yanawakumbuka askari, halafu yanawakumbuka wapagazi kwamba walikuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanaahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa zunguka jiwe lote ukitafuta jina hilo. Hutapata hata moja.

Haya si malalamiko yangu ya uzeeni. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliolitumikia jeshi la himaya ya Uingereza katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Magharibi, pamoja na watu wa Misri. Ripoti hiyo ilitaja ubaguzi wa rangi kuwa sababu mojawapo, bila kuzunguka. Ukipata siku nyingine, nenda makaburi ya vita ya Ngong Road, yaliyofunguliwa 1941 wakati wa vita vya pili. Utaona mawe yamepangwa safu, nyasi zimekatwa, majina na vyeo vimeandikwa. Linganisha mwenyewe.

Kushuka mjini

Kipande hiki kipite haraka. Shuka Kenyatta Avenue hadi Moi Avenue, vuka uingie Tom Mboya Street, kisha ufuate Ronald Ngala Street hadi Race Course Road. Alama yako ni Kanisa la Mtakatifu Petro Claver, mtakatifu aliyewahudumia watumwa. Sijui kama aliyechagua jina alifikiria wapagazi waliokuwa kambini jirani, lakini limekaa mahali pake. Pinda kushoto, ufuate Race Course Road mpaka uvuke mto. Makanga watakuita kila upande. Usijibu, tembea.

Kariokor

Jina ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililosagwa na midomo ya watu, kama lilivyosagwa Dar es Salaam likawa Kariakoo. Hapa ndipo wapagazi walipokusanywa. Usipoteze muda kutafuta kambi: juu yake kuna magorofa ya kanjo, yaani baraza la jiji, kuna soko, kuna vumbi. Ninachokutaka ufanye hapa ni kununua chai, ukae kwenye benchi, na ujikumbushe jinsi ile vita ilivyokwenda.

Ilianza Agosti 1914. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania Bara ya leo, kulikuwa na Wajerumani, na kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na jeshi la kutosha kushinda. Kwa hiyo aliamua kutoshindwa. Alirudi nyuma akipigana, akapita kusini hadi Msumbiji, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Waingereza walimfuata muda wote huo. Mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe, mvua ikayazamisha magari, barabara hazikuwepo. Kilichobaki ni vichwa na mabega ya watu.

Hesabu yake ilikuwa mbaya. Mpagazi hubeba chakula cha askari, lakini naye hula. Basi anahitajika mpagazi wa kumbebea chakula mpagazi, na kadiri jeshi linavyoliacha reli nyuma ndivyo mnyororo unavyorefuka. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume kuingia kazini, na mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, ukawa msako wa nchi nzima. Oscar Watkins ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya wapagazi, na barua zake kwa wakubwa zilikuwa za kuomba chakula bora, blanketi na dawa. Mshahara ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Unga wa mahindi uliopikwa haraka ukatoka mbichi uliwaharibu matumbo, hasa wale ambao kwao hawakuwa wamezoea kula mahindi. Takwimu rasmi zinataja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilizidi hapo kwa mbali.

Ukimaliza chai, nenda kwenye duka lolote la nafaka lenye magunia ya kilo 25. Msalimu mwenyewe, mweleze shida yako, mwombe uinue gunia moja uliweke kichwani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu uzito huo. Tembea nalo kuuzunguka ukumbi wa duka mara moja. Vijana watakucheka kidogo kisha watakusaidia kulitua. Nunua kitu hapo, hata kilo ya ndengu, si vizuri kuchezea biashara ya mtu bure.

Halafu pita ndani ya soko. Kuna mafundi wa akala, viatu vya tairi, wanaokata matairi kwa kisu cha kutisha, kuna kina mama wa vyondo, kuna moshi wa nyama tangu asubuhi. Usile bado. Wapagazi wengi walitembea peku, nami naona akala ndiyo kumbukumbu nzuri ya kutoka nayo hapa. Bei ya kwanza utakayotajiwa si bei.

Kwenda Pumwani

Ukitoka Kariokor fuata General Waruinge Street. Utapita Starehe, shule iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa ajili ya watoto waliotupwa mitaani na Hali ya Hatari, ile ya wakati wa vita vya Mau Mau, ikianza na vibanda viwili vya mabati. Endelea mbele mpaka hospitali ya uzazi ya Pumwani. Ilianza 1926, ikibeba jina la Lady Grigg, mke wa gavana. Simama nje tu. Ndani kuna watu wana uchungu wao, hawahitaji watalii. Ila jua kwamba ukimuuliza mtu wa Nairobi amezaliwa wapi, una nafasi nzuri sana ya kuelekezwa kwenye lango hili.

Sasa ingia Majengo, upande wa Digo Road, na upunguze mwendo. Hapa ndipo mimi hukaa zaidi, na ningependa nawe ukae.

Vita vilipokwisha, si kila mtu aliyerudi alikwenda kwao. Wako waliobaki mjini: askari wa zamani, wapagazi, wapishi, matarishi, wanawake waliokuwa wakijitafutia wenyewe. Waliishi katika vijiji walivyojijengea kuuzunguka mji, vikiitwa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Serikali haikuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilipima viwanja Pumwani ikawahamishia watu hapo, ili Mwafrika wa mjini awe mahali pamoja panapoonekana. Ardhi ilibaki ya serikali, nyumba ikawa ya mjenzi. Kwa hiyo watu walijenga kwa udongo na fito, kwa ramani ya pwani: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma wenye jiko na choo. Wamiliki wengi walikuwa wanawake, na ni kodi ya vyumba hivyo iliyosomesha watoto na kujenga misikiti.

Nyumba za namna hiyo zinazidi kupungua, gorofa zinapanda juu yake. Ukiiona moja ambayo mlango wake wa mbele umeachwa wazi na mwanga wa uani unaonekana mwisho wa ukumbi, piga hodi. Usichungulie. "Hodi" moja, subiri, halafu ya pili. Ukiitikiwa, sema "Shikamoo bibi" kabla ya kusema jambo lolote, ndipo ueleze unatembea kutazama nyumba za zamani. Mara nyingi utapewa kiti. Mita za maji za nyumba hizi ziko uani, kwa hiyo mimi nimeketi ua nyingi, na ninakuambia: historia ya Pumwani huelezwa uani, huku mtu akichambua mboga. Usiulize maswali kama karani wa sensa. Uliza nyumba ilijengwa na nani, halafu nyamaza.

Tafuta Msikiti wa Riyadha, kisha uliza njia ya ukumbi wa Memorial Hall. Usipotaja "Memorial" utapelekwa ukumbi mwingine. Jengo lilisimamishwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita vya kwanza, na kwa maoni yangu lilifanya kazi kuliko ile shaba ya mjini. Watu walicheza dansi humo, waliendesha mikutano ya vyama na ya wafanyakazi, waligombana. Wageni huliona la kawaida mno. Hilo ndilo ninalolipendea.

Kabla hujatoka Majengo, kunywa kahawa chungu kwa wazee wa kibarazani, na ukikuta viazi karai vya moto usiviache.

Gikomba

Pita, usizubae. Kaa upande mmoja wa njia, sikiliza wenye mikokoteni wakikupigia kelele upishe, na upishe kweli. Hamali wa Gikomba akiwa na bunda la mitumba mgongoni hawezi kusimama ghafla kwa ajili yako, na bunda hilo huwa zito kuliko gunia ulilobeba kule Kariokor. Vuka mto. Wakati wa mvua za masika usijaribu vivuko vidogo vya mbao. Tumia daraja la barabara hata kama ni kuzunguka.

Shauri Moyo na Burma

Huku ni kwetu, kwa hiyo nitajizuia. Shauri Moyo ilijengwa na manispaa mwishoni mwa miaka ya 1930, ilipokivunja kijiji cha Pangani na kuwahamisha waliokuwa wamebaki. Kwa hiyo baadhi ya familia zilihamishwa na serikali ileile mara mbili katika kizazi kimoja. Tembea kati ya nyumba, sikiliza nyundo za jua kali za upande wa Kamukunji wanakotengeneza masanduku ya shule, majiko na makarai, halafu ushuke hadi Jogoo Road.

Soko la Burma liko hapo barabarani, karibu na uwanja ambao tangu 2019 una jina la Joe Kadenge lakini makanga wote bado wanauita City Stadium. Sasa tumeingia vita vya pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwemo vijana wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kutoka Kenya, ilipigana Burma, nchi ya Asia iitwayo leo Myanmar, dhidi ya Wajapani. Walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, malaria na tope la magotini, wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Waliporudi, jina la nchi hiyo lilirudi nao likaingia Eastlands.

Hapa ndipo utakula. Chagua nyama ikiwa bado imening'inia, ipimwe mbele yako, ukubaliane bei ya nyama pamoja na ya kuchoma, kisha ukae. Itachukua muda. Wakati huo mweleze mwenzako habari za Waruhiu Itote. Alikuwa koplo Burma, akarudi akawa mchochea moto kwenye garimoshi za reli hapa Nairobi, halafu akaingia msituni na Mau Mau kupigana na wakoloni, ambako dunia ilimjua kama Jenerali China. Mafunzo ya kupigana porini alikuwa amepewa na jeshi lilelile aliloligeukia. Kachumbari iombe kando, ugali uwe moto, na ukiletewa mifupa mitupu rudisha bila kuogopa. Burma wanamheshimu anayejua nyama.

Kaloleni

Vuka Jogoo Road kwa uangalifu uingie Kaloleni. Utasikia tofauti kabla hujaiona, kwa sababu kelele zinapungua. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, kwa kutumia pia nguvu za mateka wa vita wa Kiitaliano waliokamatwa Ethiopia na Somalia. Nyumba ni za mawe, chini si gorofa, zimeachiana nafasi, na njia zote zinavutwa kuelekea katikati, kwenye ukumbi na uwanja. Fundi aliyekuonyesha mkono wake kwenye mawe haya huenda hakujua atarudi kwao lini. Tazama viungio vya mawe. Hata mimi niliyekuja kusoma mita tu niliona kwamba huyu hakulipua kazi.

Nenda moja kwa moja ukumbini. Wenyeji waliupa jina la utani la House of Commons, kwa sababu mijadala iliyopigwa humo haikuwa na nafasi bungeni. Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union, chama cha siasa cha Waafrika) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama hapa akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na mwenzake wa vyama vya wafanyakazi Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake Nairobi ikagoma. Mgomo ulidumu siku kama tisa. Mitaa uliyoipita leo ndiyo iliyojaa wagomaji, na polisi waliingia na magari ya deraya na mabomu ya machozi. Makhan Singh alizuiliwa hadi 1961, miaka kumi na moja bila kesi ya maana.

Mlango wa ukumbi ukiwa umefungwa, uliza kwa vijana wa uwanjani nani ana ufunguo. Mara nyingi yuko karibu, na ukimsalimu vizuri atakufungulia. Ukiwa na nafasi ya kwenda mara moja tu mwaka huu, nenda mapema: mitaa ya zamani ya kanjo iko kwenye mipango ya magorofa mapya, na sijaona mpango unaotaja kuacha hata nyumba moja ya Kaloleni kwa ajili ya wajukuu.

Kurudi, tembea hadi kituo cha City Stadium. Matatu za kuelekea mjini hupita bila kukoma. Uliza nauli kabla ya kupanda, hasa mawingu yakitanda, maana tone la kwanza la mvua huipandisha. Baada ya saa kumi jioni msongamano wa Landhies Road ni mkubwa; kama miguu bado ina nguvu, utafika Muthurwa kwa miguu kabla ya gari.